Ukurasa wa Mwisho wa Kitabu cha Baba

Nikiwasha makaa ya mbabula, jiko letu la bati, kwa karatasi, moshi wake hunirudishia hasira ya mama. Baba alikuwa akitusomea kitabu cha upelelezi cha wakati wa Wabelgiji: saa ya mzungu imepotea, mpelelezi anamshuku mpishi. Ukurasa wa mwisho mpishi akakiri. Sisi watoto tukapiga makofi.

Mama akaacha kumenya mihogo. "Baba yangu alikuwa mupishi wa Wabelgiji. Walimupiga fimbo siku mbili, naye akakubali. Saa ilikuwa mu mufuko ya muzungu."

"Mama watoto, ni hadithi tu," baba akasema.

Mama akauchana ule ukurasa, akawashia makaa.

Sasa nawalea wadogo zangu waliozaliwa baadaye, nao hukisoma kitabu kile na kuniuliza mimi, mkubwa wao. "Yaya, nani aliiba?"

"Haiko mupishi," nawajibu, kabla hawajauliza ukurasa uko wapi.