Saa Ishirini na Tatu za Kinyozi na Mkewe

"Siku dunia ikisimama, msihangaike. Njooni mniulize mimi ilisimama saa ngapi na dakika ngapi."

Maneno hayo aliyasema baba mkubwa, mume wa dada yake mama, kwenye harusi ya jirani, mbele ya watu mia mbili, akiwa na kipaza sauti ambacho hakuna aliyempa. Alikunja mkono wa shati, akainua saa yake juu ili hata waliokaa karibu na choo waione. Mshereheshaji alimbembeleza kama anavyobembelezwa mbuzi kwenye mlango wa gari. Mama mkubwa, mkewe, alikaa meza ya nyuma anatabasamu huku ameinamia sahani. Nilidhani anaona haya.

Baba mkubwa alikuwa kinyozi. Chumba kimoja, kioo chenye ufa, viti viwili vya kunyolea, na benchi la wateja na wasio wateja kama mimi, ambaye diploma ilinishinda muhula wa tatu nikabaki na vitabu na muda. Mtaani walimwita Mzee Dakika. Mama mkubwa alipiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kwa miaka ishirini na sita, na mikono yake ilijaa makovu ya moto kuanzia kiganjani hadi kiwikoni. Mtoto hawakupata. Saa za mkononi walipata ishirini na tatu.

Zote zilikuwa za zamani, za kuzungusha kijipini ubavuni. Za betri baba mkubwa aliziita vibarua. Walizinunua kwa wauza mitumba, moja moja, kila baada ya miezi kadhaa, na hawakuwahi kununua bila wote wawili kukubali. Yeye alikagua kwa macho: kioo, mishale, mgongo. Akiridhika, anampa mkewe, naye anaiweka sikioni na kufumba macho.

"Mama, hiyo ni saa, si simu," muuzaji mmoja alimwambia siku niliyoandamana nao.

"Najua. Simu ingekuwa imeshaniongopea."

Siku hiyo baba mkubwa alikuwa ameipenda saa yenye uso wa bluu, ameipenda mpaka imemkausha mate. Mama mkubwa alisikiliza, akairudisha. "Inakohoa," alisema. Wakaondoka. Mzee alinuna siku tatu, hata wateja aliwanyoa bila umbea. Lakini hakuinunua. Sheria ilikuwa sheria.

Walizitunza kwenye boksi la viatu. Mama mkubwa alilitandika shuka chakavu la hoteli, akashona vifuko ishirini na vinne. Kimoja kilibaki wazi, cha saa ijayo. Na sheria ya pili ilikuwa hii: saa za watu wawili hazishikwi na wa tatu. Niliwahi kunyoosha kidole tu. Wote wawili walisema "acha" kwa pamoja, kama kwaya.

Kila jioni baba mkubwa alizitia ufunguo zote kwa zamu. Kila asubuhi alichagua moja, akaivaa, akaikuta iko sawasawa. Kwa hiyo aliamini, na akatutangazia sote, kwamba saa ikipata bwana mzuri haikosei. Hakuwahi kupeleka hata moja kwa fundi. Ampelekee nini?

Ukweli niliujua nilipokuwa nalala kwenye kochi lao. Alfajiri, mama mkubwa alipoamka kujiandaa kwenda kazini, aliwasha redio ndogo kwa sauti ya kunong'ona, akasubiri mlio wa taarifa ya habari, kisha akakaa na lile boksi mapajani anazirekebisha, moja baada ya nyingine.

"Kumbe zinakosea?" nilimuuliza.

"Lala wewe."

"Mama mkubwa, zote?"

"Nyingine zinachelewa, nyingine zinawahi. Hii kongwe, tuliyonunua mwezi wa kwanza wa ndoa, ndiyo mwongo kuliko zote. Inapoteza dakika nane kila siku."

"Na mwenyewe hajui?"

"Baba yako mkubwa ana nini kingine cha kuringia? Kipara?" Aliifuta ile saa kwa ncha ya gauni. "Mwanzoni nilitaka kumwambia. Nikaona anavyofurahi. Miaka ikapita, sasa nikisema nitakuwa nimemdanganya maisha yake yote. Na wewe ukifungua mdomo, utafute kochi jingine."

Sikufungua. Kochi lilikuwa zuri.

Kisha mama mkubwa akaanza kuumwa tumbo. Alilivumilia kama alivyovumilia pasi, mpaka siku alipoangukia meza ya kazi. Akalazwa Alhamisi. Madaktari walisema kuna uvimbe, atapasuliwa Jumatano, na walimwambia mumewe waziwazi kwamba moyo wa mgonjwa ni dhaifu na wao si Mungu. Muuguzi alimwelekeza: siku hiyo mgonjwa anatolewa wodini saa moja na nusu asubuhi, ndugu waje kabla, wamwone, wazungumze naye.

"Saa moja kamili nitakuwa hapa," baba mkubwa alimwambia mkewe. "Kuna jambo nataka nikwambie, lakini si leo. Nitakwambia kabla hujaingia."

"Niambie sasa."

"Lina siku yake."

Redio mama mkubwa alikwenda nayo hospitali. Nyumbani akabaki mzee na boksi.

Jumamosi, nilipopeleka uji wodini, alinivuta karibu. "Zile saa. Nenda ukazirekebishe akiwa kazini."

Nilikwenda. Nikamkuta mzee hakufungua duka, kakaa kitandani, saa zote zimetandazwa kwenye shuka, uso umemkunjamana.

"Hazipatani," aliniambia. "Kila moja inasema lake. Mama mwenye nyumba amelazwa siku mbili tu, zimeshaanza utovu wa nidhamu." Akaichukua ile kongwe. "Lakini hii ndiyo mama yao. Hii haijawahi kukosea." Na mbele ya macho yangu akazirudisha zote ishirini na mbili nyuma, zikalingana na mwongo.

"Baba mkubwa, tuangalie na simu yangu basi."

"Simu yako inapata saa kutoka wapi?"

"Hewani."

"Na umbea nao hutoka hukohuko." Niliponyoosha mkono alilifunika boksi kwa kiwiko. "Unajua sheria."

Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa nimeahidi, halafu nikajipa moyo kwamba mtu mwenye hofu huwahi. Jumatatu mteja mmoja alimwambia kwenye kiti, "Mzee, saa yako imelala." Baba mkubwa aliendelea kumkwangua kisogo. "Saa yangu haijalala. Wewe ndiye uliyeamshwa na madeni." Benchi zima lilicheka, na mimi nilicheka.

Usiku wa kuamkia Jumatano nililala kwa mama yangu, naye asubuhi alinituma wodini na nguo safi. Mama mkubwa alikuwa ameshavalishwa gauni la upasuaji, ameketi kitandani anatazama mlango.

"Saa ngapi?"

"Saa moja na dakika tano."

Nilipiga simu ya mzee, ikaita bila kupokelewa. Baadaye tuliikuta dukani, ndani ya droo ya wembe. Saa moja na robo akauliza tena. Saa moja na dakika ishirini na tano hakuuliza, alinitazama tu.

"Hukuzirekebisha."

"Alinizuia, mama mkubwa."

"Amefuata ile kongwe?"

"Ndiyo."

Alihesabu kwa vidole vyenye makovu, nane, na nane, na nane, akaachia njiani. Wakaja na kitanda cha magurudumu. Nilimwomba muuguzi atusubirie dakika ishirini. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba chumba cha upasuaji kina foleni ya watu wanaotaka kupona.

"Akija," mama mkubwa alisema, "mwambie wao ndio waliwahi. Mwambie daktari alibadilisha saa."

"Mama mkubwa, hata leo?"

"Hasa leo."

Baba mkubwa aliingia akiwa amevaa koti la harusini, amechana mvi zilizobaki, anatembea taratibu kama mtu aliyewahi. Alisimama mbele ya kitanda kitupu. Akatazama mkono wake.

"Saa moja na dakika mbili. Yuko wapi?"

Juu ya mlango kulikuwa na saa kubwa ya ukutani. Ilisema saa moja na dakika hamsini. Aliiona nikimwona.

"Hii ya kwenu inakimbia," alimwambia muuguzi.

"Waliwahi, baba mkubwa," nilisema. "Daktari alibadilisha saa."

Aliketi pembezoni mwa kitanda, akaweka kiganja pale shuka lilipobonyea. "Watu wasio na saa hawa," alisema. "Basi nitamwambia akitoka."

Hakutoka. Saa nne na nusu daktari alikuja bila kofia, na kwa namna alivyoishika ile kofia mkononi tukajua.

Baada ya mazishi, lile alilotaka kumwambia mkewe mzee hakumwambia mtu; alikuwa na dai moja tu: hospitali ilimwibia mkewe nusu saa. Aliandika barua. Hakujibiwa, akaenda mwenyewe, na mimi nikamfuata kwa sababu sikujua jinsi ya kumzuia. Mkuu wa wauguzi, mama mtu mzima asiye na haraka, alifungua daftari la wodi: mgonjwa ametoka saa moja na dakika thelathini na mbili. Kisha akaagiza kitabu cha mlinzi wa getini. Mwandiko ulikuwa wa baba mkubwa mwenyewe, jina na sahihi, na pembeni mlinzi ameandika saa moja na dakika arobaini na saba.

"Vitabu vyenu ni vya uongo," baba mkubwa alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Pole, mzee wangu," alisema yule mama.

Kutoka pale hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi saa wa sokoni, kijana mwenye kioo kimoja jichoni, akavua ile kongwe na kuiweka kwenye kaunta. "Nataka uniandikie barua," alisema. "Kwamba saa hii ni nzima. Ninaipeleka kwa wakubwa."

Fundi aliiacha itembee hadi kesho yake. Tuliporudi alikuwa ameifungua mgongo.

"Mzee, barua hiyo siwezi. Inapoteza dakika nane kwa siku. Mafuta yameganda, na si ya jana haya, yana miaka."

"Nimeivaa miaka thelathini na moja. Kila asubuhi iko sawa."

"Basi kuna mtu alikuwa anairekebisha kila asubuhi."

Baba mkubwa alinigeukia. Sijui aliona nini usoni kwangu, maana nilikuwa natazama viatu. Alishika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo mpaka mteja wa nyuma yetu akaondoka zake.

"Kuisafisha," alimuuliza fundi, "ingekuwa kiasi gani?"

"Shilingi elfu sita tu, mzee."