Siku Niliyoipa Filamu Mgongo

Mimi ni fundi wa kusaga lenzi za miwani. Si daktari wa macho. Daktari anakaa mbele, kwenye chumba chenye kiyoyozi na ubao wa herufi. Mimi nakaa nyuma, chumba kisicho na dirisha, na mashine inayolia kama mbu mwenye hasira tangu asubuhi hadi jioni. Nina miaka hamsini na mmoja, kipara kilichonawiri, na goti la kushoto linalotabiri mvua na kukosea. Hata mwenyewe nikijiona ghafla kwenye kioo cha duka, huwa nasogea nimpishe yule mzee apite.

Miaka kumi na miwili iliyopita nilianguka kwenye ngazi nikavunjika mguu, nikalala kitandani wiki sita. Dada yangu akaniletea filamu nijiliwaze. Ilikuwa ya binti mhunzi anayekwenda kulirudisha jua lililomezwa na joka, kwa kutumia nyundo ya marehemu mama yake. Nilipoanza kuitazama nilikuwa mtu mzima mwenye akili timamu. Ilipokwisha nikamwambia dada, "Irudishe mwanzo." Mpaka leo nimeitazama mara thelathini na sita.

Ndani yake wamo Walinzi wa Lango, watu wa majoho meusi wanaoimba kwa lugha iliyobuniwa, ambayo duniani haina nchi wala kabila. Nikajifunza. Nilikuwa nayaandika maneno na maana zake nyuma ya bahasha za lenzi, huku mashine ikisaga. Siku moja bahasha ikaenda na miwani ya mteja, mama wa watu, naye akarudi mbio kwa daktari kuuliza maana ya yale maandishi: "Ewe lango, nifungulie nife." Alidhani ndiyo majibu ya vipimo vyake.

Wagonjwa wa ugonjwa wangu tuko watano, na tuna kundi letu kwenye simu. Kiongozi ni Fundi Kufuli, mtengeneza vitasa, ambaye kuhusu filamu hii hajawahi kukosea, kwa maelezo yake mwenyewe. Yupo pia Mkutubi, dada mpole wa maktaba, anayejua zaidi yetu sote na kwa hiyo huongea kidogo. Siku Fundi Kufuli alipoandika kwamba filamu yetu itaonyeshwa kwenye ukumbi mkubwa, muziki wote ukipigwa palepale na okestra ya watu themanini na kwaya ya watu arobaini, nilizima mashine nikakaa chini.

Jioni nikamweleza mke wangu. Yeye ni karani wa ofisi ya vizazi na vifo. Kutwa anaandika watu halisi wanaoingia na kutoka duniani, hana nafasi ya watu wa kubuni.

"Kuna kondakta anasimama mbele yao," nikamwambia, "anawaongoza kwa kijiti."

"Kondakta? Na nauli anakusanya saa ngapi?"

"Mke wangu, twende wote. Mara moja tu. Hamu ikiniisha hutanisikia tena."

"Uongo huo umeuanza mwaka gani?" akasema. Lakini alikubali, nadhani kwa sababu ilikuwa Jumamosi mchana na hakutaka kubaki nyumbani kufua mapazia.

Tulikubaliana kundi zima tuvae kama watu wa kwenye filamu. Nikaenda kwa mshonaji na kitambaa cheusi, nikamchorea joho refu la mikono mipana.

"La mahafali au la mazishi?" akaniuliza.

"La Mlinzi wa Lango."

"Sawa," akasema bila kushangaa. "Walinzi huwa nawawekea mifuko."

Siku ikafika. Fundi Kufuli alikuja na deraya ya vita ya mabati aliyoigonga mwenyewe, akipumua inalia. Mkutubi alivaa taji la waya. Mke wangu alivaa gauni lake la kazini, na alipoulizwa yeye ni nani akajibu, "Mimi ni mtazamaji." Tukakaa safu ya saba. Mbele, chini ya skrini, okestra ilikuwa imejipanga, na nyuma yao wanakwaya wamesimama kwenye ngazi za mbao, wametuelekea, wote na majoho meusi ya mikono mipana. Fundi Kufuli akanigonga kiwiko. "Kioo," akasema, ndilo jina langu kwenye kundi, "wamekuiga."

Taa zikapungua, kondakta akanyanyua kijiti.

Hapa niseme ukweli. Filamu hii nilikuwa nimeijua kupitia spika ndogo ya televisheni yetu, ambayo upande mmoja umekufa. Fidla zilipoanza, nywele nisizokuwa nazo zilisimama. Ngoma kubwa ikipigwa niliisikia kwenye mbavu kabla ya masikio. Nilijiona kama mtu aliyeoa mke kwa barua na leo ndiyo kwanza anaisikia sauti yake. Kwa wasiwasi na furaha nilikunywa maji chupa mbili kabla jua halijamezwa, na hilo ndilo lililoniponza.

Ulipofika muda wa mapumziko nilikuwa natembea kwa hesabu. Foleni ya choo cha wanaume ilizunguka ukumbi. Mfagizi mmoja akanihurumia. "Mzee, pita mlango ule wa kijivu, teremka ngazi, kuna kingine." Nikateremka, nikakikuta, nikamshukuru Mungu. Nilipotoka sikukumbuka nimeingilia upande gani. Nikafungua mlango mmoja, kumbe stoo ya viti. Nikafungua wa pili, nikakutana uso kwa uso na dada mmoja mwenye orodha mkononi na kalamu sikioni.

"Nyie waimbaji wa besi mtaniua!" akafoka. "Wenzako wameshapanga mstari!"

"Samahani dada, mimi si..."

"Najua, si wewe, ni mafua. Leo kila mtu ana mafua. Shika!" Akanibandika jalada jeusi la nota kifuani na kunisukuma kwenye mstari wa wanaume wenye majoho.

Nikisema nilipelekwa kwa nguvu nitakuwa mwongo. Dada yule alinisukuma hatua tatu. Zilizobaki nilitembea mwenyewe, na kifua mbele. Moyoni kulikuwa na sauti ya busara ikisema, "Rudi, baba." Lakini kulikuwa na nyingine, ya yule mgonjwa wa wiki sita kitandani, ikisema, "Unajua maneno yote." Nikamsikiliza mgonjwa.

Mstari ukapanda jukwaani. Nikajikuta ngazi ya juu kabisa, pembeni, jirani yangu bonge la mtu mwenye shingo kama gogo. Akanitazama, akaitazama mifuko ya joho langu.

"Wewe ni mgeni?" akaninong'oneza.

"Mimi ni shabiki," nikasema.

Akafumba macho. "Ee Mungu wangu. Sikiliza, ndugu. Fungua mdomo, funga mdomo. Chochote kisitoke. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Taa zikazimika, nusu ya pili ikaanza, na papo hapo nikagundua jambo ambalo mtu mwenye akili angeligundua chini: wanakwaya hutazamana na watu. Skrini ilikuwa nyuma yangu. Mwaka mzima nimesubiri kuiona filamu hii kwa ukubwa ule, nimeshona joho, nimemburuta mke wangu kwa watu wasiomhusu, halafu nimekwenda kuipa mgongo. Nikajaribu kugeuza shingo kidogo. Jirani akanikanyaga.

Basi nikafungua mdomo, nikafunga mdomo. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Maneno yalikuwa yale yale ya bahasha zangu, yakitoka kwenye vifua vya watu arobaini kasoro mmoja, na mimi kati yao nikitafuna hewa. Pole pole macho yakazoea giza, nikaanza kuwaona watu. Mwanga wa skrini ulikuwa unawaangukia usoni, mara wa buluu, mara mwekundu. Nilijua kila kinachotokea nyuma yangu kwa kuangalia nyuso zao. Joka likitokea, safu kumi zilirudi nyuma kwa pamoja. Fundi Kufuli, mtu asiyekosea, alikuwa analia hadharani, na deraya yake ikitikisika. Mkutubi alikuwa anaimba bila sauti, kama mimi, ila yeye kwa hiari.

Halafu nikamtafuta mke wangu. Alikuwa amejiinamisha mbele, mkoba ameukumbatia, midomo inacheza. Nikamsoma: "Usiende. Usiende, mwanangu." Alikuwa anamsihi binti mhunzi asiingie langoni. Nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na sita. Nimemwona akicheka, nimemwona msibani, nimemwona akinikasirikia kwa haki na bila haki. Sijawahi kumwona akiwa amesahau kwamba yupo.

Na palepale ndipo tulipofika kwenye ukimya.

Kila shabiki anaujua. Binti ananyanyua nyundo mbele ya lango, muziki unakatika ghafla, hakuna hata pumzi, kisha Walinzi wote kwa pamoja wanapiga ukelele mmoja: "Orumai!" Maana yake, funguka. Kwenye filamu ule ukimya ni pumzi nne. Lakini kondakta wetu, kwa kuwa ni msanii, aliamua kuurefusha. Mkono wake ulibaki hewani. Mimi sikuwa namwangalia kondakta. Nilikuwa namwangalia mke wangu, machozi yananilenga, nahesabu pumzi kichwani: moja, mbili, tatu, nne.

"ORUMAI!"

Peke yangu. Ukumbi wa watu elfu mbili, kimya kama kaburi, na sauti ya fundi wa lenzi ikapita juu ya okestra kama mlango wa ghala uliokosa mafuta. Haikuwa besi. Wala haikuwa kitu chochote kilichowahi kupewa jina na walimu wa muziki. Mpiga filimbi aliruka kwenye kiti. Jirani yangu alitoa mguno mdogo, kama mtu aliyeona gari lake likiteleza kuelekea mtoni.

Kondakta alinitazama. Nusu sekunde tu, lakini nilizeeka ndani yake. Kisha akashusha mkono kwa nguvu zake zote, kwaya nzima ikalipuka "Orumai!", matarumbeta yakafuata, ngoma zikafuata, na lango nadhani likafunguka, kwa sababu nyuso zote mbele yangu ziligeuka za dhahabu. Mke wangu alikuwa ameweka mikono kichwani.

Kuanzia hapo mdomo sikuufungua tena hata kwa kuhema. Mwisho watu walisimama wakapiga makofi kwa muda mrefu, tukainama, na mimi niliinama kuliko wote, kwa matumaini kwamba nisingetakiwa kuinuka.

Kwenye korido dada wa orodha alikuwa anapokea majalada. Langu akalipokea, akalishikilia.

"Wewe ni nani?"

"Fundi wa miwani."

"Mwenzetu yuko wapi?"

"Simjui, dada. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kutoka chooni."

Aliegemea ukuta, akafunika uso kwa ile orodha, na mabega yakaanza kutikisika. Sikujua analia au anacheka, nikaona bora nisiulize. Kondakta akapita, shati limelowa, akanitambua. Nikajiandaa kwa lolote.

"Matamshi yako ni mazuri sana," akasema. "Hawa nimewafundisha miezi miwili, hakuna aliyeitamka ile 'ru' sawasawa. Lakini sauti, mzee wangu, uwe unaiacha nyumbani." Akanipa mkono, akaenda zake.

Nje niliwakuta wenzangu kwenye ngazi za ukumbi, wanabishana.

"Ule ukelele wa kwanza ni wa makusudi," Fundi Kufuli alikuwa anasema. "Upo kwenye nota za asili, wakautoa wakati wa kukata filamu. Anayesikiliza kwa makini anajua. Kioo, ulikuwa wapi? Umekosa kitu kikubwa!"

Mkutubi alinitazama, akayatazama majoho ya wanakwaya waliokuwa wanatoka nyuma yangu, akainamisha taji lake akachunguza viatu. Ningeweza kunyamaza. Lakini mke wangu yupo hai na ana mdomo.

"Alikuwa wapi?" akasema. "Nilidhani amenaswa chooni, nimekaa na roho juu, mara naona kipara jukwaani. Nikasema hapana, vipara viko vingi. Ndipo akabweka."

Fundi Kufuli alininunia wiki mbili, si kwa kuharibu, bali kwa kuwa nilipanda bila yeye. Kwenye kundi bado anashikilia kwamba hata hivyo, kwenye nota za asili, ukelele upo.

Sisi tukatembea kwenda kituoni, jua bado kali, mimi nimelikunja joho kwapani. Tulipofika kona ya pili mke wangu akaniuliza.

"Kwa hiyo hukuona kitu?"

"Sikuona hata kidogo."

"Hata yule mama mtu alipotokea kwenye moto?"

"Hata yeye."

Akanishika mkono tuvuke barabara, na tulipofika ng'ambo hakuuachia. "Basi ngoja nikuhadithie," akasema. "Yule msichana, jina lake nimelisahau, anafika getini. Pale getini pana walinzi wamevaa kama wewe..."

"Enhe," nikasema. "Halafu?"