Mwenye Ufunguo wa Stoo

Katika kiwanda kile cha ngozi, mtunza stoo ndiye aliyetangaza ujio wa wageni bila kufungua kinywa. Akionekana tu asubuhi na katoni la glavu kichwani, kelele zilianza: "Haya, Mama Glavu kafungua duka! Leo tunakaguliwa." Jioni alizikusanya, akazifuta, akazifungia. Siku nyingine zote watu walichovya mikono mitupu kwenye dawa za kulainishia ngozi, naye akakaa miaka kumi na moja na ufunguo kiunoni, akijiambia kwamba amri si yake. Alijidanganya mchana kweupe, na alijua.

Mwaka jana alimtafutia kazi humo wifi yake, dada wa mumewe. Alimbembeleza msimamizi mpaka akakubali, na nyumbani akatamba wiki nzima. Wifi akapangiwa mapipa ya dawa. Haikupita miezi sita vidole vikavimba, ngozi ikabanduka, kucha mbili zikang'oka. Akawa hawezi hata kufunga vifungo vya blauzi. Mtunza stoo ndiye aliyemvalisha, akimtania, "Wifi, nilipoolewa na kaka yako sikuambiwa na wewe umo." Walicheka, kisha kila mmoja akatazama upande wake.

Basi wakaja wakaguzi wa kampuni ya viatu inayonunua ngozi zile. Wifi hakuna glavu iliyomwingia. Vidole vilikuwa vimejaa, tena amevifunga vitambaa. Msimamizi akamwita mtunza stoo pembeni.

"Huyu mfungie stoo mpaka waondoke. Akionekana, mnatoka wote wawili."

Wifi hakubisha. Aliuliza tu, "Hawa ndio wanaouliza habari za afya zetu?"

"Ndio hao. Ingia, wifi yangu, ni muda mfupi."

Wakaguzi hawakuwa watu wabaya. Mmoja, mama wa makamo mwenye daftari, alisimama mbele ya mlango wa stoo wakati msimamizi ameitwa kule kwenye mapipa.

"Humu mnaweka nini?"

"Chumvi, mama. Na makopo matupu."

"Naweza kuona?"

Mtunza stoo akaufunika ufunguo kiunoni kwa upindo wa blauzi. Aliwaza sufuria yake na sufuria ya wifi, ambayo ni hiyo hiyo moja. "Ufunguo kaondoka nao mwenzangu," akasema, macho makavu.

Yule mama akasogea, akashusha sauti. "Kuna yeyote aliyeumizwa na hizi dawa? Niambie tu. Jina lako sitaliandika."

Hapakuwa na msimamizi karibu. Hapakuwa na wa kumziba mdomo. Mpaka leo hilo ndilo linalomtafuna.

"Hakuna, mama. Sote wazima, kama unavyotuona."

Mkaguzi akaandika, akashukuru, akaenda zake.

Gari lao lilipotoka getini, mtunza stoo alifungua mlango akiwa amejiandaa kutukanwa. Wifi alikuwa amesimama hapo hapo mlangoni, vitambaa vyote kavifungua, mikono kainyoosha mbele, mibichi, inatoka maji.

"Nilitaka aione vizuri," wifi akasema. "Nilisikia sauti zenu mlangoni, maneno sikuyashika, nikajua sasa hivi unafungua. Ndiyo maana sikupiga kelele."