Upande wa Pili wa Shuka

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Ukijaribu litaburuzika sakafuni, na likishagusa sakafu linarudi kwenye mashine kufuliwa upya. Kwa hiyo katika chumba cha kufulia kila mtu alikuwa na mwenzake wa kukunja naye, na aliyewapanga ni msimamizi. Moyo wa mtu haukuulizwa.

Asubuhi moja msimamizi alipomtangazia Mzee Taratibu kuwa mwenzake mpya ni Msumari, watu waliokuwa wakifunga aproni wakageuka wote kumtazama. Fundi wa boila, aliyeitwa Shemeji na kila mtu ingawa hakuna aliyewahi kuoa kwao, akaja kumpiga begani.

"Pole sana, Mzee. Tutakukumbuka kwa mema."

Wakacheka. Yeye akatabasamu tu, akaenda kwenye meza.

Walimwita Mzee Taratibu. Mvi alikuwa nazo, lakini jina lilitokana zaidi na sauti yake. Aliongea chini chini, kidevu kimelala kifuani, kama mtu anayezungumza na vifungo vya shati lake mwenyewe. Tangu mkewe afariki, hata kile kisauti kilikuwa kimepungua, maana katika vile vyumba viwili alivyopanga nyuma ya duka la vifaa vya shule hakukuwa na wa kumsikiliza. Binti yake aliolewa mbali. Kila Jumapili alipiga simu. "Umekula, baba?" "Nimekula." "Unaumwa?" "Siumwi." Baada ya hapo kila mmoja alimsikia mwenzake akipumua, mpaka mmoja wao akumbuke kuaga.

Msumari naye alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viganja vipana, mkongwe kuliko mashine zote mle ndani. Jina alipewa kwa sababu neno lake likishaingia halichomoki. Mwenzake wa mwisho alikwenda mwenyewe kuomba ahamishiwe usafi wa vyoo, na kila aliyemuuliza anaendeleaje huko alijibiwa kuwa hewa ni safi.

"Vuta!" ndilo lilikuwa neno la kwanza Msumari kumwambia. "Vuta, mzee! Unashika shuka au unalibembeleza?"

"Sawa, mama."

"Unasemaje?"

"Nimesema sawa."

"Haya, nung'unika. Wote mnanung'unika."

Mzee aliona dawa ni kunyamaza. Mkewe alikuwa akimsifia hilo, kwamba hata ukigombana naye unachoka peke yako. Lakini kwa Msumari ukimya ulikuwa mafuta ya taa. Kadiri alivyonyamaza, ndivyo mwenzake alivyowaka. Alimrushia pindo la shuka usoni. Alimwambia mbele ya watu kwamba ana mikono ya maiti. Siku moja akaenda hadi ofisini kushtaki kuwa mzee huyu anamtukana kimoyomoyo tangu asubuhi mpaka jioni.

Msimamizi aliwaita wote wawili. Alikuwa mwanamke mwenye kazi nyingi kuliko saa za kuzifanya, na simu ilikuwa ikilia mezani pake.

"Nyie ni watu wazima," alisema. "Mzee, umemtukana?"

"Hapana," alijibu, akitazama vifungo vyake.

"Unaona?" Msumari akadakia. "Unaona? Hata sasa hivi!"

Walirudishwa kazini na agizo la kuvumiliana. Kwenye kantini Shemeji alimpa ushauri wake. "Mpasulie mara moja tu, kwa nguvu. Watu wa aina ile ukiwapandishia wananywea." Alisema hayo akiwa amesimama, sahani mkononi, kisha akaenda kuketi kwingine. Hilo nalo lilikuwa jambo jipya. Zamani Mzee Taratibu alikuwa na nafasi yake mwisho wa benchi la wafuaji. Hakuongea, lakini alikuwa akisikiliza soga na kucheka kwa pua. Sasa watu waliogopa kwamba akikaa nao, Msumari atamfuata na maneno yake. Basi alikula peke yake upande wa dirishani, na Msumari alikula peke yake upande wa mlangoni, na katikati yao watu walikula wakifurahi.

Usiku wa mtu mpweke ni mrefu, lakini yeye aligundua kuwa mchana wake umekuwa mrefu zaidi. Asubuhi alianza kukawia kufunga viatu. Alijikaza kisabuni, akaenda.

Kisa chenyewe kilitokea kwenye mashine ya kupasi. Ni rola kubwa inayochemka kwa mvuke. Mashuka yanaingizwa upande huu yakiwa na unyevu, yanatokea upande wa pili yamenyooka. Asubuhi hiyo Msumari alikuwa akiingiza, Mzee Taratibu akipokea. Foronya moja ikajikunja, ikakwama ukingoni. Msumari akainama kuichomoa, na mkono wa gauni lake ukanaswa pamoja na kitambaa.

"Mama, toa mkono!" aliita Mzee.

Msumari hakugeuka.

"Toa mkono!" Safari hii alipiga kelele, kelele za kweli, mpaka koo likamwasha. Shemeji alikuwa mlangoni, akapiga mluzi wa vidole viwili. Chumba kizima kikasimama kutazama. Msumari bado alikuwa ameinama, akiivuta foronya yake kwa hasira, na rola ikimvuta yeye.

Mzee akaruka kirundo cha mashuka kilichokuwa mbele yake, akagonga kitufe chekundu. Rola ikakoroma, ikasimama.

"Nani kazima mashine yangu?" Msumari alifoka akijiinua. Hapo ndipo alipohisi gauni limemshika. Akautazama mkono wake, nguo imemezwa hadi karibu na kiwiko, ngozi yenyewe ikiwa imeanza kuwiva kwa joto. Kisha akatazama watu. Wote walikuwa wakiongea kwa pamoja. Mzee Taratibu akaona macho yake yakikimbia kutoka mdomo huu kwenda mdomo ule, kwa haraka, kwa hofu, kama mtu anayetafuta mtoto wake kwenye umati.

Aliyafahamu macho yale. Mama yake mzazi alikuwa nayo miaka yake ya mwisho.

Msimamizi alikuja mbio. Wafuaji wakamweleza, kila mtu na lake: haambiliki huyu, ameitwa akajifanya hasikii, kiburi kitamuua. Msimamizi akamgeukia Mzee. "Wewe ulikuwa naye. Ilikuwaje?"

Angeweza kusema palepale, yakaisha. "Naomba nizungumze naye kwanza," alisema.

Alimkuta uani, kwenye mapipa matupu ya sabuni, akiumwagia mkono maji ya bomba. Akamzunguka hadi mbele yake. Akainua kidevu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani, kumwangalia mtu usoni na kuongea.

"Dada, tangu lini husikii?"

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Nasikia kuliko wewe."

"Nimekuita kwa nguvu zangu zote. Shemeji kapiga mluzi."

Msumari akafunga bomba. "Sauti yako hiyo," alisema hatimaye, "hata mwenye masikio mapya haisikii."

Mzee Taratibu akacheka, bila kupanga. "Hilo kweli."

"Nilijua unanisema. Mdomo unacheza, kichwa umekiinamisha. Mtu akiinamisha kichwa mimi simwoni anasema nini." Alifuta mkono kwa aproni, akaguna, akaanza tena kwa sauti ya chini ambayo Mzee hakuwahi kuisikia kwake. "Ni hizi mashine. Zimeyala masikio kidogo kidogo. Nikipiga kelele watu wananigeukia. Wakinigeukia, naona. Basi napiga kelele."

"Mwambie msimamizi."

"Aniondoe? Niende kukaa na nani?"

Mzee mwenyewe alikuwa akijiuliza swali lile lile kila alipofikiria kustaafu.

"Sitamwambia mimi," alisema. "Utamwambia wewe. Lakini kwenye rola sisimami na wewe mpaka umwambie."

"Unanitisha?"

"Naogopa. Nimeuona mkono wako ukienda."

"Toka mbele yangu, mzee."

Alitoka. Na waliporudi ndani, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yake ya kazi: aligoma. Alisimama kando ya rola, mikono ameifunga kifuani, na mashine ikiwa imezimwa. Msumari alimwamuru, akambembeleza kidogo, akamtukana ukoo mzima. Yeye aliinua uso ili amwone vizuri, akasema, "Hapana." Mashuka yakalundikana. Watu walipita na matoroli wakishangaa: leo Mzee Taratibu kapandwa na nini? Yeye hakusogea.

Baada ya chakula cha mchana Msumari alivua aproni, akaitupa juu ya mashuka, akaingia ofisini na kufunga mlango. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alimpita Mzee kama anavyopita nguzo.

Msumari alipimwa masikio. Kisha akahamishiwa stoo ya mashuka safi, chumba tulivu mwisho wa korido, kisicho na mashine.

"Mzee umeung'oa Msumari!" Shemeji alishangilia, na watu wakampigia makofi, wakamrudishia nafasi yake kwenye benchi. Alijaribu kueleza kwamba haikuwa hivyo. Habari za masikio zilipoenea, alidhani wataona haya. Shemeji alikuna kichwa. "Sasa si angesema tu?" Akarudi kwenye boila lake.

Mwenzake mpya alikuwa bi harusi wa juzijuzi, mchangamfu, mwepesi wa mikono, hana neno na mtu. Siku ya kwanza alimwambia, "Za asubuhi, mpenzi? Umeamkaje?" Mzee Taratibu alishtuka, lakini akafurahi. Akainua kidevu, akajibu kwa sauti ya kueleweka kwamba ameamka salama, ila mgongo unamsumbua kidogo.

Binti akamtazama kwa huruma, akasogeza kitambaa cha kichwa kumwonyesha kidude cha simu kilichokuwa sikioni. "Mzee, samahani. Siongei na wewe."

Wakaendelea kukunja. Shuka baada ya shuka, binti akicheka na mtu asiyekuwepo, na hakuna aliyesema pindo limepinda. Yaliyopinda yalikwenda hivyohivyo. Aliona ajabu kutamani kugombezwa, na hakumwambia mtu, maana hakukuwa na wa kumwambia.

Kila jioni ni yeye aliyesukuma toroli hadi stoo. Msumari alipokea mashuka dirishani bila kumtazama, akayapanga kwenye rafu, akafunga dirisha. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Alimsalimia kila siku, na kila siku alisalimia kisogo.

Jioni moja Msumari aliinua shuka moja, akalikagua, akageuka. "Nani kakunja takataka hii?"

"Mimi na mwenzangu."

"Pindo limekwenda upande. Mnakunja mkiwa usingizini?"

"Hakuna wa kutuamsha," alisema.

Msumari alimwangalia mdomo, kisha macho. "Bado umekasirika, dada?" aliuliza Mzee.

"Bado." Alilikunja upya lile shuka, kwa tabu, akilibana kwa kidevu kwa kuwa alikuwa peke yake. Mzee alisukuma mlango, akaingia, akashika ncha mbili za upande wa pili. Hakufukuzwa. "Humu kumetulia mno," Msumari alisema walipokutanisha ncha. "Siku nzima naona midomo mitatu."

Kesho yake alikwenda stoo na chakula chake cha mchana. Msumari alisema hapa si hotelini, na kwamba kiti ni kimoja. Mzee akaketi juu ya furushi la mablanketi.

Hawakuwa marafiki, ukitaka kusema kweli. Msumari alilalamika kuwa anatafuna kama mbuzi, jambo ambalo Mzee alishindwa kuelewa amelisikiaje. Alimuuliza kuhusu watu wake, akaambiwa hayamhusu. Siku nyingine walikula bila neno, Msumari amempa mgongo, akihesabu rafu zake kwa macho. Siku hizo Mzee Taratibu alikuwa na la kumwambia, kuhusu mgongo, au kuhusu binti yake ambaye huenda akaja kumtembelea na huenda asije. Hakukuwa na haja ya kuita. Alifunika bakuli lake, akaweka mikono magotini, akangoja ageuke.