Mpini Wangu wa Kwanza

Mwaka 2012, msimu wa kuvuna kahawa, nikiwa binti wa miaka kumi na miwili na bado sijaingia sekondari, nilichonga mpini wa jembe kule Kyarumba. Niliukumbuka juzi, nilipoona mipini ya plastiki dukani Kasese.

"Umechonga mwiko!" kaka alinicheka.

Baba, fundi wa mipini, aliupapasa, kisha akauchoma kwa chuma chekundu. Niliponusa moshi, nililia.

"Baba, unaichoma sababu iko mubaya?"

"Mupini mubaya inaenda jikoni kama kuni, mama. Hii naitoboa, jembe ikae."

Ijumaa iliyofuata, sokoni Bwera, mwenyekiti wa soko aliandika jina langu katika daftari la mafundi, chini ya la baba: fundi wa mipini.