Jina Nililomsomea Bibi

Robota la mitumba likikatwa kamba hutoa harufu ya dawa na vumbi la nchi za watu, na mimi kila nikiinusa namkumbuka bibi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Mjomba alikuwa ameacha shamba la mahindi na kufungua kibanda cha mitumba mtaa wa Mfaranyaki, hapa Songea, na mara kwa mara alipanda basi kwenda Dar es Salaam kufuata mzigo. Safari moja mvua ilimkimbizia ndani ya jumba la makumbusho ya vyombo vya majini, kando ya bandari. Akarudi Songea mbio mbio, mzigo hata hakuukumbuka, akamwambia bibi, "Mama, nimemwona baba ukutani, kwenye picha!"

Babu alikuwa mchochea moto kwenye meli ya mvuke ya Ziwa Nyasa. Siku moja meli ilirudi Mbamba Bay, yeye hakurudi. Maji yalimchukua, wala mwili haukuonekana. Bibi akahamia Lizaboni, Songea, na watoto wake, hana picha ya mumewe, hana kaburi lake. Kwetu marehemu hupelekewa unga kaburini, ukanyunyizwa chini huku akiitwa kwa jina lake na la baba yake. Bibi hakuwa na pa kuunyunyizia, na jambo hilo lilimla moyo kuliko ujane wenyewe. Alizoea kusema, "Asiye na kaburi, jina lake likiandikwa mahali, basi hapo ndipo amelala." Mjomba aliyaona maandishi chini ya ile picha, ila shule aliikimbia darasa la pili. Ndipo nikachukuliwa mimi, wa darasa la nne, niende nikasome.

Ndani ya jumba kulikuwa na ubaridi na harufu ya mbao zilizopakwa mafuta. Kulikuwa na nanga zenye kutu, kamba nene kama mkono wa mtu, usukani mkubwa kunizidi. Bibi alivipita vyote kama aliyechelewa misa. Kwenye picha walisimama wanaume wanane mbele ya bomba la moshi, na wa tatu hakuwa na nusu ya sikio la kushoto. Bibi akajishika mdomo. "Ni yeye! Hilo sikio aling'atwa na mbwa wa padri, jamani. Haya, mjukuu wangu, soma."

Nikasoma kimoyomoyo: Mabaharia wa Ziwa Nyasa. Majina yao hayajulikani. Nikamtazama Mjomba, naye alikuwa akinikodolea macho kwa hamu ileile ya mama yake. Nikainua sauti: "Gaudensi, mwana wa Lupembe."

"Wameweka na la baba yake?"

"Wameweka, bibi."

Bibi akavua viatu, akapiga magoti, akafungua kitambaa na kunyunyiza unga sakafuni. Mlinzi akaja mbio. "Shikamoo bibi, lakini hapa hapamwagwi unga!"

"Marahaba, baba. Nimemkuta mume wangu."

Yule kijana akayatazama maandishi, kisha akanitazama mimi. Akaenda zake, akarudi na ufagio, akasimama nao pembeni mpaka bibi akamaliza rozari nzima.

Lizaboni yote ilihadithiwa kwamba Dar wamemwandika babu. Bibi alikufa akiwa na amani. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Yangu ilifika Songea na haijaisha mpaka leo.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu. Jumba sasa lina kiyoyozi, na mtoto ana picha zake mwenyewe kwenye simu hata hazihesabiki. Babu yake mkuu bado ana ileile moja. Akainama, akasoma kwa sauti: "Majina yao hayajulikani."

"Yanajulikana!" nikasema, hata mlinzi akageuka. Nikavua viatu, nikafungua unga niliotoka nao Songea, nikalisoma tena lile jina, na la baba yake.