Bakuli la Arita na Mama Niliyemwita Yaya

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hushusha macho, hata nikiwa peke yangu chumbani. Nimeinyamazia miaka mingi. Ndugu zako wanayajua mengi yangu, hili hawalijui. Lakini juzi tulipokuwa Qurum kwenye ule mkahawa, shangazi yako alikuita kwa Kiswahili mbele ya wenzako, nawe ukajifanya hukusikia. Sikukukaripia. Ningekukaripiaje, na mimi nilifanya kubwa kuliko hilo? Kaa basi, nikusimulie.

Tulifika Maskati mwaka ule wa sitini na nne, baada ya yale yaliyotokea Unguja. Tulikuwa wawili tu, mimi na mama yangu, Bi Time. Baba alikwishakufa zamani. Baba alikuwa Mwarabu, asili yake Sumail, huku huku Omani. Mama alikuwa mtu wa Pemba, mweusi wa kung'aa, mfupi, mwenye sauti ndogo. Mimi nimetoka rangi ya baba. Kumbuka hilo, kwani ndimo uchafu wangu ulimojificha.

Watu walitoka na dhahabu, wengine walitoka na hati za mashamba wasiyoyaona tena. Mama alitoka na bakuli. Alilifunga ndani ya kanga mbili akalipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Lilikuwa bakuli kubwa la kauri nyeupe, limezungushwa maua mekundu na majani ya buluu, na mstari wa dhahabu uliokwishafutika ukingoni. Mama yake alimpa siku ya harusi. Liliwahi kuvunjika vipande viwili, fundi wa Kihindi pale Unguja akalishona kwa pini za shaba, sita, zikaonekana nje kama mishono ya kidonda. Mimi sikulipenda. Kila nikizitazama zile pini nilijiona masikini.

Tulipanga nyumba ndogo Matrah, vyumba viwili na ua. Nilikuwa na Kiingereza cha skuli, na hicho ndicho kilichonipatia kazi ya ukarani kule pwani ya Qurum, mafuta yalipoanza kupakiwa melini. Usiione Qurum ya leo yenye majumba. Siku hizo ilikuwa mchanga, na vibanda vya makuti, na jua.

Hapo ofisini akaja injinia wa Kijapani, Bwana Tominaga, kuangalia pampu. Umri wake ulikuwa kama hamsini, mtu wa maneno machache. Kiingereza chake kilichechemea, changu nacho kilichechemea, basi tukaenda mwendo mmoja. Miezi miwili alikuwa akila vyakula vya kopo. Siku moja nikamwambia, "Ijumaa njoo ule kwetu."

Sikumwalika kwa ukarimu, mwanangu. Nnataka nikwambie kweli. Nilimwalika ili arudi akaseme ofisini kwamba mimi ni mtoto wa nyumba kubwa.

Ijumaa asubuhi nikaazima zulia kwa jirani, na sahani mpya zinazometameta, na birika la kahawa. Kisha nikamwendea mama jikoni.

"Mama, leo usitoke. Wewe pakua tu, mimi ntapokea mlangoni."

"Kwani mgeni wako anauma?"

"Hapana, mama. Desturi zao. Hawapendi wanawake wajitokeze."

Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, baba." Wao watu wa zamani walikuwa wakituita baba sisi watoto wao. Neno tamu. Leo likinijia linanichoma.

Njiani, nilipokuwa namleta mgeni baada ya sala, aliniuliza kuhusu wazee wangu. Nikasema baba amefariki na mama yuko Sumail kwa jamaa. Ulimi hauna mfupa. Uwongo ulitoka tu, mwepesi kabisa.

Tukaketi. Nikapokea pilau mlangoni, nikapokea samaki. Bwana Tominaga anakula, anatikisa kichwa kwa raha. Nikawaza, limepita hilo. Mara pazia likafunguka, na mama akaingia na lile bakuli lake limejaa mchuzi wa nazi. Amevaa kanga safi, amejitanda vizuri. Baadaye niliufahamu moyo wake: hakuweza kumwacha mtu ale ndani ya nyumba yake bila ya kumkaribisha kwa kinywa chake mwenyewe, na kitu bora alichokuwa nacho duniani kilikuwa bakuli lile.

"Karibu, baba. Karibu sana. Jisikie kwenu," akamwambia kwa Kiswahili.

Bwana Tominaga akasimama wima. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Huyu ni mama yako?"

Mwanangu, lilikuwa swali jepesi. Mtoto wa miaka mitatu analijibu. Nami nikasema, "La. Huyu ni yaya wetu. Tumetoka naye Zanzibar."

Sasa sikiliza. Neno hilo kwa Kiingereza, ayah, ni lile lile letu, halikubadilika ila kidogo. Mama hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini hilo alilisikia. Niliona mikono yake imesita hewani. Kisha akaliweka bakuli chini polepole, na halikumwagika hata tone.

Mgeni hakuujua msiba uliopita mbele yake. Macho yake yalikuwa kwenye bakuli. Akaomba ruhusa, akauhamishia mchuzi kwenye sahani nyengine, akalifuta bakuli kwa kitambaa chake, akaligeuza, akatazama chini yake. Alipofungua mdomo alisema neno moja: "Arita."

Akanieleza. Arita ni mji wao, mji mdogo baina ya milima. Mlima mmoja wameutafuna karibu wote kwa kuchimba jiwe jeupe, ndilo linalosagwa na kufanywa kauri. Matanuri yalijengwa kwa kupanda mlimani, chumba juu ya chumba, na kuta za vichochoro zimejengwa kwa matofali yaliyochakaa motoni. Kila mtu pale ana lake. Huyu anafinyanga, yule anachora mistari, mwengine anajaza rangi. Kujaza rangi ni kazi ya wanawake. Mama yake mwenyewe alijaza buluu maisha yake yote, kwa brashi nene kama mkia wa paka, na hakuna chombo hata kimoja duniani chenye jina lake. Akaupitisha mkono wake juu ya yale majani ya buluu. "Mikono kama ya mama," akasema. Kisha akazigusa pini za shaba, zile nilizozionea haya, akazihesabu kwa kidole. "Mwulize huyu bibi, nani aliyelipenda hivi hata akalishona?"

Nikafasiri. Sikumtazama mama usoni. Nilimtazama miguu.

Mama akajibu, "Mwambie bakuli ni la bibi mwenye nyumba. Mimi nalihifadhi tu mpaka atakaporudi."

Umesikia, mwanangu? Alinistiri. Nilimtupa mbele ya mgeni, naye akaokota uwongo wangu akaubeba pamoja nami ili nisiaibike. Bwana Tominaga akamwinamia, akainama chini sana, kwa namna ya kwao. Mama akamwitikia kwa kichwa, akarudi jikoni.

Wakati wa kuondoka mgeni akanipa kifurushi kidogo kilichofungwa kwa kitambaa. Kikombe cha Arita, alisema. Dada yake alimtilia viwili mzigoni alipokuwa anatoka kwao. "Mpe mama yako atakaporudi kutoka Sumail."

Nikamkuta mama anakosha vyombo vya jirani.

"Mama, chukua. Zawadi yako hii."

"Yangu?" Hakugeuka. "Si ya mama mwenye nyumba?"

"Mama..."

"Mimi yaya, baba. Yaya akipewa kitu cha bibi yake hukiweka mpaka bibi arudi."

Akafuta mikono, akakichukua kile kifurushi, akakiweka ndani ya kidaka ukutani bila kukifungua, akaendelea na vyombo vyake. Hakupaza sauti. Laiti angenipiga.

Jumamosi nilimfuata Bwana Tominaga kwenye pampu zake. Jua linachoma, mimi nimesimama kama mtu aliyepelekwa kwa kadhi. Nikamwambia yote. Alizima mashine ili anisikie vizuri, na nilipomaliza akakaa kitako juu ya bomba.

"Mama yangu," akasema, "alikuwa na buluu kwenye kucha. Haikutoka hata kwa sabuni. Tumemzika nayo." Kisha akanigeukia. "Mimi umenidanganya kidogo tu. Mimi ni mpita njia. Usiniombe radhi mimi. Na yeye usimwombe radhi jikoni pekee. Umemkana mbele ya mtu. Mkiri mbele ya watu."

Aliniahidi kurudi Ijumaa ya pili ili nimtambulishe. Haikuwa. Katikati ya wiki akaitwa kwengine, akaondoka, na sikumwona tena.

Na mimi? Nilimwomba mama radhi. Jikoni. Nilipiga magoti nikalia, akanishika kichwa akasema, "Nimekwisha kusamehe, hata lile neno halijamaliza kukutoka." Akakifungua kile kifurushi mbele yangu, na toka siku hiyo akawa anakinywea kahawa kila asubuhi. Nikafikiri yamekwisha.

Lakini toka siku ile mama hakutokea tena nikiwa na wageni. Alipika, akapakua, akagonga mlango kwa vidole viwili, akarudi ndani. Sikumwambia afanye hivyo. Wala sikumwambia asifanye. Hapa ndipo penye aibu yangu khasa, mwanangu. Lile neno la mara moja ningeweza kusema lilinitoka kwa bahati mbaya, kwa woga wa ujana. Lakini miaka miwili ile mizima nilisikia vidole vile mlangoni, na moyoni nikaona nafuu. Wenzangu ofisini walinijua kwa jina la baba na kabila la baba. Sikutaka waulize zaidi. Wazee walisema mkataa kwao ni mtumwa, na mimi nilikuwa mtumwa wa macho ya watu ambao leo hata majina yao siyakumbuki.

Mama alifariki mwanzo wa mwaka wa sabini, kwa homa ya siku nne. Watu walikuja msibani, jirani, wa ofisini, wa msikitini. Mzee mmoja wa mtaani petu, aliyekuwa akipita mlangoni kwetu kila siku kwenda kusali, akanipa mkono akauliza, "Nani aliyekufa?"

Nikasema, "Mama yangu."

Ndiyo mara ya kwanza kulisema neno hilo mbele ya watu katika mji huu.

Yule mzee akashangaa. Hakukusudia ubaya. Akasema, "Ah, mwanangu. Kumbe ulikuwa na mama? Sisi tukijua una mtumishi tu."

Watu wakasikia. Nikainamisha kichwa, nikarudia, "Mama yangu. Bi Time. Mtu wa Pemba." Nilirudia kwa kila aliyeingia, siku tatu, kwa sauti, mpaka ikakauka. Lakini aliyestahiki kulisikia alikwishazikwa.

Basi nasaha yangu ni hii. Mtu wako mtaje mbele ya watu angali anasikia. Mama, bibi, shangazi, anayekuita kwa lugha uliyonyonyeshwa nayo: mwitikie papo hapo, na wenzako wakigeuka kutazama, mshike mkono uwaambie huyu ni nani. Usiniambie utafanya kesho. Radhi ya faraghani huponya wawili, lakini aibu uliyomtia mtu hadharani hufutwa hadharani, na nafasi yake haikai ikikungoja. Na ukiwa umekwisha kosa, usidhani kusamehewa kumekutosha. Tazama yule aliyekusamehe amehamia wapi. Ukiona amehamia nyuma ya pazia, nenda kamtoe.

Mpigie shangazi yako simu leo, kabla ya magharibi.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi usioionea haya asili yako, akupe watoto watakaokuita kwa sauti sokoni na msikitini, akujaalie radhi za wazee wako wakiwa hai. Na mama yangu, Bi Time, Mungu amrehemu, amlaze pema. Sema amin, mwanangu. Sema watu wasikie.